Lobelia ya Hanang na Neno Chotara

Ukikaa Mbulu au Katesh hata siku tatu utalisikia neno chotara mara nyingi, na ni mara chache sana litamhusu binadamu. Kuna mbegu chotara kwenye duka la pembejeo. Kuna ng'ombe chotara, anayetoa maziwa mengi kuliko yule wa kienyeji lakini akiguswa na ugonjwa anaanguka kabla hujampata daktari wa mifugo. Kuna kuku chotara. Kwa mkulima na mfugaji neno hili halina tusi. Linaeleza bidhaa, na bei hupanda kwa sababu yake. Likihamia kwa mtu, ghafla linaanza kuuma. Nimejiuliza sana kwa nini, na katika kutafuta jibu nikajikuta nasoma habari za mmea mmoja wa Mlima Hanang, mmea ambao wengi wetu tunaoishi chini ya mlima huo hatujawahi kuuona.

Lakini tuanze shambani. Mkulima wa mahindi ana kipimo chake cha kujua chotara, na ni kipimo safi kabisa kisayansi. Nunua mbegu ya dukani, panda, vuna: shamba zima limesimama kimo kimoja, magunzi yamejaa. Sasa weka mbegu kutoka mavuno hayo, panda tena msimu ujao. Utaona maajabu. Huyu mrefu, yule mfupi, gunzi hili limejaa, lile lina mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Babu na bibi wamerudi, kila mmoja na sura yake. Mbegu ya kienyeji haifanyi hivyo. Watoto wanafanana na mama yao mwaka baada ya mwaka. Mahindi chotara ya kwanza yaliyotikisa nyanda za juu za Afrika Mashariki, yale ya 611 yaliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964, yalikuwa mtoto wa mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador. Ndoa ya mabara mawili, na ndani ya miaka michache ikaingia kwenye ugali wetu bila mtu kuuliza ukoo.

Kuna watu wanaouliza ukoo kwa uchungu zaidi. Wapenzi wa okidi, hasa zile za Asia ambazo petali yake moja imefinyangwa kama ndara, wanaweza kubishana usiku kucha juu ya ua moja: hii ni spishi halisi kutoka porini, au ni chotara wa bustanini? Wana sababu. Tangu okidi ya kwanza iliyochavushwa kwa mkono wa binadamu ilipochanua Uingereza mwaka 1856, wakulima wa maua wamezalisha machotara kwa maelfu. Halafu tangu 1990 okidi nyingi za ndara zimewekwa kwenye daraja la ulinzi mkali kabisa la mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya zile zilizochimbwa porini ikapigwa marufuku. Kwa hiyo swali "spishi au chotara?" limekuwa swali la pesa na la mahakama. Huku kwetu okidi za ndara hazioti. Swali lenyewe lipo.

Hanang ni volkano iliyosimama peke yake, mita 3,417, na ukiitazama kutoka uwanda wa Basotu inaonekana kama imesahauliwa hapo na safu za milima iliyokwenda zake kaskazini. Karibu na kilele, juu ya msitu, inaota lobelia kubwa. Usifikirie yale maua madogo ya buluu ya kwenye vyungu. Hili ni jitu: kichwa cha majani kilichopangwa duara kama kabichi kubwa, na siku ya kuchanua kinatoa mkuki wa maua unaoweza kumzidi mtu kimo. Ndugu zake wa Kilimanjaro na Mlima Kenya huhifadhi maji katikati ya majani ili chipukizi lisigande usiku wa baridi.

Aliyeufanya mmea huu ujulikane kwa wasomi wa Ulaya alikuwa Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea aliyeajiriwa na idara ya utafiti wa mbung'o kule Shinyanga. Kazi yake hasa ilikuwa vichaka vya tambarare, makazi ya mbung'o, lakini alikuwa mtu asiyeweza kuuona mlima akaupita. Vielelezo vyake, vilivyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, vilifika bustani ya Kew, London. Huko mtaalamu mwingine, Eileen Bruce, alikuwa anaandika juu ya lobelia kubwa za Afrika Mashariki. Mwaka 1934 alitangaza spishi mpya na kumpa Burtt heshima: Lobelia burttii. Miaka minne baadaye Burtt alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake wa kazi, C. F. M. Swynnerton. Jina likabaki mlimani.

Halikubaki kwa amani. Mwaka 1974 David Mabberley alizipitia upya lobelia hizi zote na akaona wenzake wa zamani walikuwa wepesi mno wa kugawa. Lobelia za milima mingi akazikusanya chini ya jina moja, Lobelia deckenii, na ile ya Burtt ikawa nususpishi yake. Yaani sasa mmea wetu ulikuwa tawi la lobelia ya Kilimanjaro.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana hapa ndipo historia inapoingia kwenye botania bila kubisha hodi. Kwa nini lobelia ya Hanang iwe nususpishi ya ile ya Kilimanjaro, isiwe kinyume chake? Si kwa sababu ya Kilimanjaro ndiyo mama. Hakuna aliyethibitisha hivyo. Ni kwa sababu ya kanuni ya majina: ukiunganisha mimea miwili, jina lililotolewa kwanza ndilo linalotawala. Na jina deckenii lilitoka kwanza kwa sababu Baron Carl Claus von der Decken, ambaye jina hilo linamtukuza, alikuwa ameshafika Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, akivutwa na habari za theluji kwenye ikweta. Hanang haina theluji ya kudumu. Hakuna baroni aliyekuwa na haraka nayo. Basi ratiba ya safari za Wazungu wa karne ya 19 ikageuka kuwa mti wa ukoo wa mimea. Aliyetembelewa kwanza akawa kipimo, na waliofuata wakaitwa namna ya huyo. Mimi nikisoma neno nususpishi siku hizi huwa nauliza kwanza: ya nani, na nani alifika lini?

Mwaka 1993 Eric Knox alirudia kazi hiyo na akaitoa lobelia ya Burtt chini ya Kilimanjaro. Kwake Lobelia burttii ni spishi kamili, yenye nususpishi tatu: moja ya Meru, moja ya nyanda za juu za Ngorongoro, na ya Hanang. Hii ya Hanang sasa inaitwa Lobelia burttii burttii, jina mara mbili, alama ya kuwa ndiyo iliyobeba jina tangu mwanzo. Mara hii Hanang ndiyo kipimo na wengine wanalinganishwa nayo. Nakiri nilifurahi, ingawa najua furaha ya aina hiyo ni ya Simba na Yanga zaidi kuliko ya sayansi.

Sasa, uchotara uko wapi katika haya yote? Uko kwenye damu ya kundi zima. Lobelia kubwa zilizohesabiwa za Afrika Mashariki zina kromosomu 28. Kama spishi mbili zina hesabu tofauti, mtoto wao mara nyingi huwa tasa, kama nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Hesabu ikilingana, mlango uko wazi. Mlima Kenya mlango huo hutumika. Huko zipo lobelia mbili zinazoishi jirani: telekii, yenye manyoya marefu kwenye mkuki wake, inayopenda miteremko mikavu na inayochanua mara moja tu ikafa, na keniensis, yenye brakti pana na maji katikati ya majani, inayopenda mabonde ya unyevu na kuendelea kuishi kwa machipukizi ya pembeni. Mara mojamoja, pale makazi ya hizi mbili yanapokutana, unakuta mmea ambao si huyu wala yule: manyoya nusu, brakti nusu. Huyo ni chotara, na ushahidi wake ni wa aina tatu zinazokwenda pamoja. Sura iko katikati. Wazazi wote wawili wako hatua chache tu. Na wako wachache, hawakujaza mlima.

Kwa vipimo hivyo lobelia ya Hanang inafaulu. Hanang hakuna telekii wala keniensis, na mmea huo si mmoja wawili waliopotea. Ni jamii inayojizaa yenyewe. Mkulima wetu wa mahindi angesema mbegu yake haigeuki. Lakini hilo linatueleza habari za leo tu. Je, zamani, wakati wa baridi kuu, ukanda wa mimea ya juu uliposhuka na milima ikakaribiana kwa mimea inayorusha mbegu ndogo kama vumbi? Kwa swali hilo inabidi kusoma vinasaba, na vinasaba vina hila yake: kwenye mimea mingi ya maua, DNA ya kloroplasti hutoka kwa mama peke yake, ile ya kiini hutoka kwa wote wawili. Zikisimulia hadithi mbili tofauti, unajua kulikuwa na mgeni aliyelala usiku mmoja akaondoka. Knox mwenyewe, akishirikiana na Jeffrey Palmer, alifuatilia DNA ya kloroplasti ya lobelia hizi mlima hadi mlima. Wenzao waliochunguza mimea mingine mikubwa ya vilele hivyohivyo, seneshio, wameona dalili za michanganyiko ya kale. Ukoo safi, ukienda nyuma vya kutosha, unakuwa adimu sana.

Kisa cha pili cha Tanzania kilikwenda kinyume, na ndani yake yumo Burtt mwingine. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani upande wa Tanga, alimpelekea baba yake ua dogo la zambarau. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara; leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima. Aliyezigawa spishi zake kwa bidii kuu ni Brian Laurence Burtt wa Kew, baadaye wa Edinburgh. Kufikia miaka ya 1960 spishi zilikuwa kama 20. Tazama baadhi ya majina aliyoyatoa: confusa, iliyochanganywa na nyingine, difficilis, ngumu, intermedia, ya katikati. Mtu anayeita mimea yake hivyo anatueleza waziwazi kwamba mpaka unamteleza mkononi. Na kweli, ukizichavusha hizo "spishi" kwa kila mmoja, nyingi zinazaa vizuri tu. Mwaka 2006 Ian Darbyshire, akiandika kwa ajili ya Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, alizipunguza hadi sita. Confusa, difficilis na intermedia zote zilirudi ndani ya ionantha. Mwaka 2015 hata jina Saintpaulia lilishushwa, DNA ilipoonyesha kwamba maua haya yamo ndani ya jenasi ya zamani zaidi, Streptocarpus. Wauza maua hawakujali.

Kwa hiyo Burtt wa Hanang spishi yake ilizikwa ikafufuka, na Burtt wa Usambara nyingi za kwake zilizikwa. Hakuna aliyekuwa mjinga. Wote walitazama sura, na sura haitoshi.

Nirudi kwa watu, maana nilisema neno linauma. Wakati uleule vielelezo vya Hanang vinabandikwa Kew, wataalamu wengine walikuwa wanawabandika watu wa chini ya mlima. C. G. Seligman katika Races of Africa, 1930, alieneza nadharia ya Kihami: eti lolote lililoonekana la maana Afrika, ng'ombe, chuma, utawala, lilikuja na watu wenye damu ya kaskazini, na Mwafrika mwenye mila za ufugaji basi lazima awe mchanganyiko. Wabarabaig wa Hanang, pamoja na Wadatooga wenzao, wakaingizwa kwenye kundi lililoitwa Waniloti-Wahami. Kitabu cha Huntingford cha 1953 kiliwaweka kwenye fungu la kusini la kundi hilo. Tazama hicho kistari katikati ya jina. Kistari hicho ndicho uchotara wenyewe, umeandikwa kwa nukta za uchapaji. Wairaqw wa Mbulu nao walisumbua vichwa: lugha isiyofanana na za jirani zao Wabantu wala Waniloti, basi tafuta ni nusu ya nini.

Joseph Greenberg alikifuta kile kistari. Katika uainishaji wake wa lugha za Afrika, uliokamilika 1963, Kidatooga ni Kiniloti, basi, na Kiiraqw ni Kikushi. Hakupima pua wala urefu wa mtu, wala hakuuliza nani anafuga. Alilinganisha maneno na viambishi. Kabla yake kidogo, mwaka 1958, Wilfred Whiteley, huyuhuyu tunayemjua kwa kazi zake za Kiswahili, alikuwa ameshachapisha maelezo ya kategoria za Kiiraqw. Sarufi kamili ya Maarten Mous ilitoka 1993, mwaka uleule Knox aliporudisha lobelia. Ndani yake unaikuta lugha yenye jinsia tatu za nomino na mfumo wake imara. Imekopa maneno kwa majirani, ndiyo, kama Kiswahili kilivyokopa. Mifupa ni yake.

Mous huyohuyo ndiye aliyeandika, mwaka 2003, juu ya lugha ambayo kweli ni chotara: Kima'a cha Wambugu, huko Usambara, kwenye milima ileile ya urujuani. Sarufi yake ni ya Kibantu, karibu na Kipare, na sehemu kubwa ya maneno yake imetoka kwenye Kikushi, Kimaasai na kwingineko. Wenyewe wanaijua hali hiyo na wanaitumia. Wanazo namna mbili za kusema, na kuchagua moja ni kutangaza wewe ni nani. Naona hapo chotara hajapungukiwa na kitu. Ana zaidi.

Na kama bado kuna anayedhani kitu chotara hakiwezi kuwa kitu kamili, ashuke kutoka mlimani aangalie ngano. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, urithi wa nyasi tatu zilizokutana Mashariki ya Kati, kukutana kwa mwisho kukiwa miaka kati ya 8,000 na 10,000 iliyopita. Ni chotara wa machotara, na hakuna mtaalamu anayeinyima cheo cha spishi. Kwa ajili yake, hapo hapo uwanda wa Basotu, shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilifungua mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000, kwenye malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, wakashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua. Nyasi chotara ilipata hati ya ardhi. Watu walioitwa chotara kwenye vitabu walihama.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba ubishi wa spishi na nususpishi ni mchezo wa wazee wa makumbusho. Orodha za viumbe vilivyo hatarini hutengenezwa kwanza kwa spishi, na fedha za uhifadhi hufuata orodha. Mmea ukihesabiwa kuwa ni ule wa Kilimanjaro tu umetawanyika, unaweza kutoweka Hanang na hesabu ya dunia isibadilike hata kwa moja. Ukihesabiwa peke yake, kilele kimoja kidogo kinakuwa makazi yake yote. Moto ukipanda kutoka chini, au joto likisukuma msitu juu, Kilimanjaro bado ina zaidi ya mita elfu mbili za ziada. Hanang inaishia 3,417. Na mlima wenyewe hautulii: usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 mvua iliporomosha tope na mawe kutoka kwenye miteremko yake hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Tangu siku ile kila mtu hapa anautazama mlima kwa jicho jingine, na mazungumzo ya miti, moto na miteremko yamekuwa ya watu wote.

Jaribio ambalo mimi ningependa kuliona ni lile la mkulima wa mahindi. Mbegu za Hanang, za Meru, za Ngorongoro na za Kilimanjaro zipandwe kwenye tuta moja, udongo mmoja, baridi moja. Zikikua zikafanana, Mabberley alikuwa na hoja nzito. Zikibaki kila moja na sura yake, Bruce aliona vizuri kutoka London mwaka 1934. Itachukua miaka mingi, maana lobelia hizi hazina haraka ya kuchanua. Mbegu zenyewe ni ndogo kiasi kwamba za mlima mzima zingeenea kwenye kibuyu kimoja.